Aliyebuni haapi, anayeapa hakubuni: wavumbuzi Weusi na hati ya serikali

Ikifika Februari, mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya watu Weusi, orodha ileile huanza kuzunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp. Balbu ni kazi ya mtu Mweusi. Taa za barabarani, mtu Mweusi. Siagi ya karanga, meza ya kupigia pasi, kichongeo cha penseli, vyote ni vyetu ila tumefichwa. Haipiti saa moja, mjuaji wa kundi anajibu kwamba London iliweka taa ya kuongoza magari ya farasi tangu 1868, kwamba balbu ilikuwa inawaka kabla ya huyo Mweusi kushika kalamu, na kwamba kwa hiyo orodha nzima ni porojo. Ubishi unapamba moto, kisha mtu anatuma kadi ya mchango wa harusi na mambo yanaishia hapo.

Wote wawili wamekosea, tena jambo lilelile. Majina ya kwenye orodha ni ya watu wa kweli, na wengi wao wana hataza, hati za serikali za kulinda ubunifu, zinazoweza kusomwa hadi leo. Ila karibu hakuna kati yao aliyedai kuwa wa kwanza kabisa. Lewis Latimer hakuvumbua balbu. Mwaka 1882 alipata hataza ya namna bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni zinazowaka ndani yake. Garrett Morgan hakuweka taa ya kwanza barabarani. Mji wake wa Cleveland ulikuwa na taa za umeme tangu 1914, na yeye alipata hataza yake 1923. George Washington Carver, anayepewa siagi ya karanga, aliikuta ipo. Maisha yake yote alichukua hataza 3 tu, za vipodozi na rangi.

Tuanze na hataza yenyewe, maana ndiyo inayochanganya watu. Hataza ni mapatano kati ya mbunifu na serikali. Mbunifu anaeleza hadharani, kwa michoro na maandishi, kifaa chake kinavyofanya kazi. Serikali nayo inamhakikishia kwamba kwa miaka kadhaa hakuna mwingine atakayekitengeneza au kukiuza bila idhini yake. Sheria ya kwanza ya hataza ya Marekani, ya 1790, iliweka ukomo wa miaka 14. Kuanzia 1861 ikawa 17. Na tangu siku za mwanzo hataza nyingi zimekuwa za maboresho. Sarah Boone wa New Haven, aliyepata yake 1892, hakusema kuwa kabla yake watu walikuwa hawapigi pasi juu ya ubao. Wake ulikuwa mwembamba na wa kupinda, ukiingia vizuri ndani ya mkono wa gauni. Thomas Edison naye aliboresha balbu za waliomtangulia, na hakuna anayemvua heshima kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kubishana nani alikuwa wa kwanza hakufiki mbali. Linalofaa kuulizwa ni hili: kati ya wazo kichwani na fedha mkononi kulikuwa na milango mingapi, na nani alikuwa bawabu? Mzungu masikini naye alikutana na mlango wa mtaji. Mtu Mweusi alikutana nayo yote.

Kiapo

Sheria ya hataza ya Marekani haikutaja rangi. Thomas Jennings, fundi cherehani wa New York aliyezaliwa huru, alipata hataza yake tarehe 3 Machi 1821 kwa njia ya kusafisha nguo ambazo haziwezi kufuliwa kwa maji. Ndiye Mweusi wa kwanza anayejulikana kupata hataza Marekani. Maelezo ya njia yenyewe yaliteketea Desemba 1836, pale Ofisi ya Hataza ilipoungua pamoja na kumbukumbu zake. Fedha za Jennings ziliingia kwenye harakati za kupinga utumwa. Na 1854, binti yake Elizabeth aliposhushwa kwa nguvu kwenye gari la abiria kwa sababu ya rangi yake, upande wake uliweka wakili. Elizabeth alishinda mwaka uliofuata. Wakili huyo kijana, Chester Arthur, baadaye akawa Rais wa Marekani.

Sasa mweke Jennings kando ya Ned. Ned alikuwa mhunzi mtumwa huko Mississippi, mali ya mwanasheria na mwenye shamba aliyeitwa Oscar Stuart. Katika miaka ya 1850 alitengeneza chombo cha kupalilia pamba kinachokwangua pande zote mbili za mstari kwa mpito mmoja. Mwaka 1857 Stuart aliandika Washington akiomba hataza, wala hakuficha kwamba mbunifu ni Ned. Hoja yake ilikuwa kwamba bwana humiliki matunda yote ya mtumwa wake, ya mikono na ya akili.

Kamishna wa Hataza, Joseph Holt, alikataa. Sheria ilimtaka mwombaji aape kwamba yeye mwenyewe ndiye mbunifu wa kweli, na ataje ni raia wa nchi gani. Stuart hakuweza kuapa kwa sababu hakubuni. Ned hakuweza kuapa kwa sababu mwaka huohuo wa 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba mtu Mweusi mwenye asili ya utumwa si raia wa Marekani. Aliyebuni haapi, anayeapa hakubuni. Shauri lilipanda hadi kwa Mwanasheria Mkuu, Jeremiah Black, naye Juni 1858 akajibu kwa maneno machache kabisa: mashine mpya na yenye manufaa, ikiwa imebuniwa na mtumwa, haiwezi kupewa hataza kwa sheria ilivyo.

Stuart hakususa. Alianza kutengeneza na kuuza chombo cha Ned bila hataza, na katika tangazo lake akachapisha barua ya kukisifu. Barua ilifurahia kwamba chombo hiki, kilichobuniwa na mtumwa, kinawaumbua wanaosema utumwa unadumaza akili. Kisha ikauliza, ni lini mtu Mweusi aliye huru aliwahi kubuni kitu? Hataza ya Jennings ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 35. Nimesoma mengi kuhusu utetezi wa utumwa, na sijaona mahali pengine ambapo akili ya mtu inatumika waziwazi hivyo kuthibitisha kwamba anastahili kubaki mtumwa.

Benjamin Montgomery naye aligonga ukuta huohuo. Alikuwa mtumwa wa Joseph Davis katika mashamba ya Davis Bend, Mississippi. Alijua kusoma na kuandika, aliendesha duka la shamba, na alikuwa fundi mitambo. Alibuni rafadha, lile panga la kusukumia meli, iliyofaa kwenye mito yenye maji machache. Joseph na mdogo wake, Jefferson Davis, walijaribu kupata hataza, wakaambiwa yaleyale. Majimbo ya Kusini yalipojitenga 1861 na kumfanya huyo Jefferson Davis kuwa rais wao, sheria yao ya hataza ya Mei mwaka huo iliweka kifungu cha kumruhusu bwana kuchukua hataza ya kitu kilichobuniwa na mtumwa wake. Alichotakiwa ni kuapa kwamba mtumwa ndiye aliyekibuni. Mlango ulifunguliwa, akaingia bwana. Vita vilipokwisha, Montgomery alinunua mashamba ya akina Davis kwa mkopo wa dola 300,000 na kuwa mmoja wa wakulima wakubwa wa pamba jimboni, mpaka mafuriko, madeni na kuanguka kwa bei vilipomrudisha nyuma. Alifariki 1877.

Kizuizi cha kiapo kiliondolewa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1866 na Marekebisho ya 14 ya Katiba, 1868, yaliyomfanya kila aliyezaliwa Marekani chini ya mamlaka yake kuwa raia.

Ua la asubuhi moja

Kuna ubunifu ambao hata mlango wa hataza haukuujua. Mfano mkubwa uko huku kwetu, Bahari ya Hindi.

Vanila ni mmea wa Mexico. Wafaransa waliuleta kisiwani Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, ukaota, ukatambaa, ukachanua, lakini haukuzaa. Ndani ya ua lake kuna utando mdogo unaozuia chavua isifike sehemu ya kike, na wadudu wa Mexico wanaoifanya kazi hiyo hawakusafiri na mche. Ua lenyewe hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, aliwahi kulichavusha kwa mkono mwaka 1836, ila njia yake haikuwa ya kumfaa mkulima.

Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond, katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont huko Sainte-Suzanne, alionyesha njia iliyofaa. Alilifungua ua, akauinua utando kwa kijiti chembamba, akaigandamiza chavua kwa kidole gumba. Kazi ya sekunde chache. Alipelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wengine, na kwa ujuzi huo Réunion ikawa kisiwa cha vanila, kisha Madagaska na Komoro zikafuata. Mkulima wa vanila wa Kagera, Zanzibar au Uganda anayeamkia shambani na mwiba au kijiti cha meno mkononi anafanya kile alichofanya Edmond, kwa vidole vilevile. Mashine bado haijaweza kuichukua kazi hiyo.

Mtaalamu wa mimea wa kisiwani, Jean Michel Claude Richard, baadaye alidai kwamba yeye ndiye aliyewafundisha watu njia hiyo, na kwamba kijana alichungulia tu. Aliyemtetea Edmond kwa maandishi ni bwana wake wa zamani, Bellier-Beaumont. Ndivyo mambo yalivyokuwa: neno la mtumwa kuhusu kazi ya mikono yake lilihitaji Mzungu wa kulidhamini. Utumwa ulipokomeshwa 1848 Edmond alipata uhuru na jina la ukoo, Albius, ila hakupata senti ya vanila. Alifungwa kwa kesi ya wizi, akaachiwa kabla ya kumaliza kifungo, na akafa masikini 1880.

Norbert Rillieux ni kinyume chake kwa karibu kila kitu. Alizaliwa New Orleans 1806, mama Mweusi huru, baba Mzungu mwenye mali aliyemsomesha uhandisi Paris. Alirudi Louisiana, ambako sukari ilipikwa kwa kuchemsha maji ya miwa katika safu ya masufuria makubwa yaliyo wazi. Watumwa waliyateka maji hayo yanayochemka kutoka sufuria moja kwenda jingine. Waliungua, sukari nayo iliungua, na kuni ziliteketea bila kiasi.

Rillieux alijua kwamba hewa ikipunguzwa ndani ya chombo kilichofungwa, maji huchemka kwa joto dogo. Akafunga masufuria yake na kuyaunganisha: mvuke unaotoka la kwanza unachemsha la pili, lililopunguzwa hewa zaidi, na wa la pili unachemsha la tatu. Moto mmoja, kazi mara tatu, na sukari haiungui. Alipata hataza 1843 na 1846. Mtambo wake ulipofanikiwa katika shamba la Myrtle Grove, wenye mashamba waligombea kuununua. Viwanda vya sukari vya leo, vikiwamo vya Kilombero na Moshi, huvukiza maji ya miwa kwa kanuni hiyohiyo, kama vifanyavyo viwanda vya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari kwa kuyachemsha.

Tusimgeuze shujaa wa ukombozi. Mtambo uliwaondoa watumwa kwenye masufuria, lakini pia ulinenepesha mashamba yaliyowamiliki. Wala faida hiyo haikumnunulia heshima: kadiri vita vilivyokaribia ndivyo Louisiana ilivyozidi kuwabana hata Weusi huru, naye akarudi Ufaransa, akajishughulisha kwa miaka na maandishi ya kale ya Misri, kisha akarejea kwenye sukari uzeeni na kuchukua hataza nyingine 1881. Amezikwa Paris, 1894.

Mtaji

Baada ya 1868 mtu Mweusi aliweza kuapa. Sasa kikaja kibarua cha kulipa: ada ya serikali, wakili, mchoraji, na juu ya yote mfano wa mashine yenyewe. Benki ya kumkopesha haikuwapo, kwa hiyo aliuza sehemu ya hataza kabla hata haijatoka.

Jan Matzeliger ndiye kisa ninachopenda kuwapa watu wanaofikiri kipaji kinatosha. Alizaliwa Paramaribo, Suriname, 1852, akafika Lynn, Massachusetts, mji wa viwanda vya viatu, akijua Kiingereza kidogo. Mashine zilikuwa zinakata ngozi na kushona soli, lakini hakukuwa na iliyoweza kuivuta ngozi ya juu ikae sawasawa kwenye kiunzi cha mbao chenye umbo la mguu, kuikunja ncha na kisigino, na kuipigilia. Hiyo ilikuwa kazi ya mafundi wa mikono. Fundi hodari alimaliza jozi 50 kwa siku, na mafundi hao walijua kuwa kiwanda kizima kinawasubiri wao; walipogoma, mji ulisimama.

Matzeliger alifanya kazi kiwandani mchana na kuchora usiku, akiunda mifano kwa mbao, waya na visanduku vya sigara. Kupata mtaji alitoa theluthi mbili ya haki zake kwa wawekezaji wawili, Melville Nichols na Charles Delnow. Michoro yake ilipofika Washington ilikuwa tata kiasi kwamba Ofisi ya Hataza ilimtuma mtu Lynn akaione mashine kwa macho. Hataza ilitoka tarehe 20 Machi 1883. Mashine ilifikisha jozi 700 kwa siku, na bei ya viatu ikashuka kwa karibu nusu. Yeye alikufa kwa kifua kikuu 1889, hajatimiza miaka 37. Sehemu ya hisa zake aliliachia kanisa moja la Lynn lililompokea baada ya mengine kumkatalia kwa rangi yake. Kampuni zilizorithi hataza ziliungana 1899 kuwa United Shoe Machinery, iliyokuja kutawala karibu biashara yote ya mashine za viatu Marekani. Wawekezaji hawakumwibia. Kila kitu kilikuwa halali, na hapo ndipo penye uzito wa jambo: mtu asiye na mtaji huuza mapema, na anayeuza mapema huuza rahisi.

Elijah McCoy, mtoto wa watumwa waliotoroka Kentucky hadi Kanada, alisomea uhandisi Scotland na kurudi na cheti. Shirika la reli la Michigan lilimpa kazi ya kuchochea moto na kutia oili. Humo kwenye kutia oili ndimo alimopatia kifaa chake cha 1872 kinacholainisha injini ikiwa inaendelea kwenda, na baada ya hapo hataza zaidi ya 50. Nyingi alizihamishia kwa wengine ili apate fedha. Kampuni yenye jina lake aliianzisha 1920, akiwa ameshapita miaka 75.

Na hata aliyelipa akapewa alihitaji kuilinda. Granville Woods alipoomba hataza ya simu ya maandishi kati ya treni inayokwenda na kituo, Mzungu aliyeitwa Lucius Phelps alikuwa ameomba karibu jambo hilohilo. Katika hali hiyo, siku hizo, ofisi iliendesha shauri la kuamua nani alitangulia kulibuni, na ushahidi ulikuwa michoro yenye tarehe, mifano, na watu walioiona. Woods alikuwa navyo, akashinda 1887. Magazeti yalimwita Edison Mweusi, sifa ambayo sijawahi kuipenda, maana Edison alikuwa na kampuni, mawakili na maabara. Woods alikufa New York 1910 akiwa fukara, na kaburi lake lilikaa bila alama hadi 1975.

Sura

Mlango wa mwisho ni wa mnunuzi. Ellen Eglin, mfanyakazi wa nyumbani wa Washington, alibuni kifaa cha kukamulia nguo zilizofuliwa, na 1888 akaiuza haki yake kwa dola 18. Alipoulizwa sababu alieleza kwamba yeye ni Mweusi, na ikijulikana kuwa mwanamke Mweusi ndiye mwenye hataza, wanawake wa Kizungu hawatakinunua kifaa hicho.

Garrett Morgan wa Cleveland aliujua ukweli huo akaamua kuuzunguka. Barakoa yake ya kuingilia kwenye moshi, yenye hataza ya 1914, ilikuwa kofia ya kufunika kichwa chote na mipira mirefu iliyoning'inia hadi karibu na sakafu. Wazo lilikuwa jepesi: moshi na joto hupanda, hewa ya kuvutika hubaki chini. Ili kuiuza Kusini, alimkodi Mzungu ajifanye ndiye mwenye kampuni, na yeye Morgan akavaa kama Mhindi Mwekundu, akaingia kwenye hema lililojaa moshi mzito, akatoka mzima dakika nyingi baadaye. Vikosi vya zimamoto vikanunua.

Julai 1916 gesi ililipuka kwenye handaki la maji chini ya Ziwa Erie. Wengi wa waokoaji wa mwanzo walioingia hawakutoka. Morgan aliitwa usiku, akaja na kaka yake Frank na barakoa zao, wakashuka, wakatoa manusura na maiti. Habari zikaenea, picha zikachapishwa, na pamoja na sifa zikaja barua za kufuta oda kutoka kwa wateja waliogundua kumbe barakoa ni ya mtu Mweusi. Medali za ushujaa walipewa wengine. Ni mtu huyo huyo aliyepata hataza ya alama ya barabarani 1923. Haikuwa taa, ilikuwa nguzo ya kuzungushwa kwa mkono, na ubora wake ulikuwa ile hali ya tatu, ya kuzuia magari ya pande zote kabla ya kuruhusu upande mwingine. Aiitaye taa ya kwanza anamvisha Morgan nguo isiyo yake, wakati anayo yake nzuri kabatini.

Orodha ilitoka wapi

Fomu ya hataza haina mahali pa kuandika rangi. Mwenye mashaka angeweza kusema hakuna mvumbuzi Mweusi hata mmoja, na vitabu vya serikali visingemjibu. Aliyejibu ni Henry Baker, mtu Mweusi aliyefanya kazi ndani ya Ofisi ya Hataza yenyewe. Orodha zake ndizo mzizi wa ile ya WhatsApp. Agosti 1894 mbunge George Washington Murray wa South Carolina, aliyezaliwa mtumwa na mwenyewe akiwa na hataza za zana za kilimo, alisoma bungeni hataza 92 za watu Weusi, akidai nao wapewe nafasi kwenye maonyesho ya biashara ya Atlanta. Kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya 1900 ofisi iliwaandikia mawakili wa hataza nchi nzima kuwauliza wateja wao Weusi ni akina nani. Baadhi walijibu kwa dhihaka kwamba hawajawahi kumsikia Mweusi akiwa hata na wazo jipya. Baker aliendelea, na kufikia 1913 alikuwa amethibitisha takribani hataza 800.

Hiyo ndiyo sababu orodha inapungua na kuzidi kwa wakati mmoja. Inapungua kwa kuwa wengi walijificha nyuma ya wakala au waliuza kimyakimya, kama Eglin. Inazidi kwa kuwa kila aliyeinakili baadaye hakueleza ni kifaa gani hasa na uboreshaji gani, akabakiza jina na kitu: Boone, meza ya pasi.

Kuna hesabu nyingine ambayo orodha haiwezi kuionyesha. Mwanauchumi Lisa Cook alilinganisha hataza za Wamarekani Weusi za 1870 hadi 1940 na kumbukumbu za mauaji ya kunyonga bila mahakama, ghasia za kibaguzi na sheria za utengano. Kilele kilikuwa 1899, miaka mitatu baada ya Mahakama ya Juu kubariki utengano kwenye kesi ya Plessy, kisha idadi ikaporomoka. Sababu zinaeleweka. Mtu aliyefungiwa maktaba na mitaa ya biashara hafikii wakili wala michoro ya wenzake. Na baada ya Tulsa, 1921, ambako mtaa wa Weusi wenye mali ulichomwa wakati wakuu wa usalama hawakuulinda, kuiomba serikali hiyohiyo ikulindie wazo lako kulikuwa na maana gani? Katika utafiti aliouchapisha 2014, Cook alikadiria kwamba vurugu hizo zilizuia hataza zaidi ya 1,100.

Anayetaka kuikagua orodha ya Februari hana haja ya kubishana. Hataza za Marekani ziko wazi kwenye Google Patents, bure. Andika namba: 252,386 ya Latimer, 274,207 ya Matzeliger, 1,475,024 ya Morgan. Usiishie kwenye mchoro. Soma kichwa cha habari, kitakuambia ni uboreshaji wa nini. Kisha soma mistari ya kwanza chini ya jina la mbunifu, pale panapotajwa nani amekabidhiwa haki. Kwa Matzeliger utakuta theluthi mbili zimekwenda. Kwa Latimer utakuta zote, kwa kampuni iliyomwajiri. Kwa Morgan, mwenye barakoa, utakuta jina lake peke yake.